Barua 23 za mzee kutoka Vita vya Kagera: za kwake zipo zote, za mama hakuna hata moja

Mwana wa Majita (mwanzisha uzi)

Habari za Jumapili wakuu.

Mwezi uliopita tulikuwa tunamhamisha mama kutoka chumba cha nyuma, ngazi zimeanza kumshinda. Chini ya kabati, nyuma ya mashuka ambayo hayajatumika tangu harusi ya dada, tukakuta mkebe wa biskuti umeshika kutu pembeni. Mimi nilidhani ni sindano na vifungo, kama mikebe yote ya biskuti ya akina mama wa nchi hii. Kufungua: barua. Ishirini na tatu, zimefungwa kwa kamba ya kiatu cha jeshi.

Mzee alifariki 2011. Alikuwa askari wa kawaida JWTZ, na mama wakati huo alikuwa mwanachuo wa ualimu pale Butimba, Mwanza, ana miaka ishirini. Walikuwa wachumba, mahari ilikuwa bado inajadiliwa. Ndipo mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yakavuka mpaka, yakakalia eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, na siku chache baadaye daraja la Kyaka likavunjwa. Novemba 2 Mwalimu akahutubia taifa: uwezo, sababu, nia. Hayo mnayajua, sitayarudia. Mzee naye akapandishwa lori bila kuaga.

Tulimwomba mama ruhusa ya kuzisoma. Akasema, "Someni. Ila msinisomee kwa sauti." Akageukia ukutani.

Barua ya kwanza ina tarehe 14 Desemba 1978, imeandikwa kwenye karatasi ya daftari la mistari. Inaanza hivi:

*"Kwako nuru ya macho yangu. Ni matumaini yangu waraka huu utakukuta u buheri wa afya. Dhumuni hasa la barua hii ni kutaka kujua hali yako. Ama kwa upande wangu mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu."*

Nilicheka peke yangu. Yaani mtu yuko handakini ng'ambo ya Kagera, mizinga inalia, halafu hofu na mashaka ni kwa huyo aliyeko Butimba anayekula wali wa Jumapili!

Ila baada ya barua ya nne hivi niliacha kucheka. Zote zinaanza na maneno hayo hayo, kama sala. Na ndani yake hamna vita. Kuna viatu vilivyoachia soli. Kuna ugali wa kombania ambao haujawahi kuiva. Kuna malalamiko ya kutokula samaki miezi mitatu (Mjita bila samaki ni msiba). Kuna mbuzi wa baba yake ambaye anataka auzwe kabla hajaibwa. Mahali alipo hapataji, kwa sababu walikatazwa. Anaandika tu "huku tulipo".

Mwezi wa pili wino unabadilika, unakuwa mwekundu, na mstari wa kwanza kabisa unasema: *"Usidhani nimekukasirikia. Kalamu hii ni ya karani wa kombania, ya kwangu imezama."* Imezama wapi, hasemi.

Sasa kilichonifanya nianzishe uzi ni hiki. Za mama hazipo. Tunasoma nusu ya mazungumzo, kama kumsikiliza mtu anaongea na simu. Kila alichouliza mama inabidi ukibashiri kwenye jibu la mzee. Mfano barua ya 20 Machi 1979. Ndiyo fupi kuliko zote, mistari sita. Salamu, viatu, halafu:

*"Kuhusu lile uliloniuliza, jibu ni hapana, na wala sijawahi."*

Basi. Akafunga na "wako wa daima". Mimi na dada zangu tumekaa na mstari huo wiki nzima. Aliulizwa nini?

Nitaendelea jioni, umeme wetu mnaujua.

---

Chumvi ya Uvinza

Nimeweka kambi hapa. Chai tayari.

Mkuu, swali hilo lina jibu moja tu. Bi mkubwa alisikia habari za warembo wa Kampala. "Hapana, na wala sijawahi" ndivyo wanaume tunavyojibu sote, tangu Adamu.

---

Fundi Saa

Tarehe 20 Machi hawajafika Kampala bado. Kampala ilianguka Aprili 11. Hesabu zako zirekebishe, Chumvi.

---

Bibi Kalamu

Wanangu, mimi ni mwalimu mstaafu, na mwaka huo nilikuwa kidato cha tatu shule ya bweni. Niseme kidogo kuhusu barua, maana naona vijana mnazishangaa kama mifupa ya Olduvai.

Barua ilikuwa kazi. Kwanza unaandika rasimu. Kisha unanakili kwa mwandiko wa kulala, kila mstari una maua yake. Pembeni unachora waridi kwa kalamu mbili, bluu na nyekundu, moyo umepigwa mshale. Ukimaliza unainyunyizia poda, ile ya kwenye kopo la bati, halafu unaomba Mungu matroni asiifungue, maana zetu zilikuwa zinafunguliwa. Za wanajeshi nazo zilikuja bahasha imechakaa, ina alama za vidole vyenye grisi. Tulizipokezana bweni zima, hata ambaye hana mchumba analia.

Na jambo moja ambalo halisemwi. Likizo ya Desemba nilirudi kijijini nikakuta wanawake wananingoja mlangoni. Waume zao walichukuliwa mgambo. Nikadhani wanataka niwaandikie. La hasha! Walitaka niwaangalizie herufi. Walikuwa wamesoma kisomo cha watu wazima chini ya mwembe, wakaandika wenyewe, kwa penseli, herufi kubwa kama magunia. Mwaka 1967 kati ya watu wazima 100 wa nchi hii 67 walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Kufika 1975 walikuwa 39. Sasa chukua miaka hiyo uiweke karibu na 1978. Mama wa kijijini aliyejifunza "a e i o u" juzi, barua yake ya kwanza maishani alimwandikia mume aliyeko vitani. Mmoja aliandika maneno manne tu: "NGOMBE AMEZAA. RUDI UONE." Nikamwambia mama, ongeza salamu. Akasema salamu atapewa akifika.

---

Mwana wa Majita

Shikamoo mama. Umenimaliza na huyo ng'ombe.

---

Askari wa Zamu

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Mimi nilikuwa mgambo, nikaunganishwa na jeshi Januari 1979. Huyu kijana anauliza barua za mama yake zilienda wapi. Nitamjibu, kwa sababu za mchumba wangu zilienda huko huko.

Kutoka Mutukula pale mpakani mpaka Kampala wengi wetu tulitembea kwa miguu. Magari yalikuwa ya mizinga, risasi na majeruhi. Wewe mgongoni una bunduki ya SMG, magazini, koleo, blanketi, chombo cha chakula, na wakati mwingine sanduku la risasi mnapokezana wawili. Barua ulikuwa unaiweka mfuko wa shati, kifuani. Siku tatu za jasho na mvua inakuwa uji. Unaitoa, inatoka vipande, wino umehamia kwenye ngozi.

Na nyingine tulizivuta. Nisameheni, lakini ndiyo kweli. Tumbaku ilikuwepo, karatasi haikuwepo. Karatasi ya aerogramu ni nyepesi, inawaka vizuri. Tulikuwa na utaratibu, huvuti barua mpaka uisome mara tatu na uikariri. Mimi nilichana kipande chenye jina lake nikakibakiza, sehemu iliyobaki nikavuta mimi na wenzangu wawili usiku karibu na Lukaya. Mmoja wao akaniuliza, "Hapa tumefika wapi?" Nikamwambia tumefika pale anaposema mama yake amekubali.

Barua zilikuja na malori ya chakula. Siku lori likija bila gunia la barua, hata nyama ya kopo ilikuwa haina ladha. Na ilikuwepo tabia moja. Rafiki yako akipata barua wewe hukupata, anakusomea ya kwake, jina anaweka la mchumba wako. Tulifanyiana hivyo sana.

Lukaya sitaki kuielezea sana. Barabara imepita katikati ya kinamasi cha mafunjo, kushoto maji, kulia maji. Machi 10 brigedi ya 201, ambamo wengi tulikuwa mgambo wapya, tulipigwa na Walibya waliokuja kumsaidia Amin, pamoja na watu wake, tukasambaa. Usiku brigedi ya 208 ikazunguka, asubuhi ya Machi 11 ikawatokea kwa nyuma. Kalamu kuzama mwezi wa pili ni jambo dogo. Barua ya tarehe 20 Machi kuwa na mistari sita, mimi hainishangazi. Mimi mwezi ule sikuandika hata mmoja.

---

Mkaguzi Mkuu

Haya, na mimi niwe mbaya wenu. Mleta mada, picha ziko wapi? Uzi wa barua bila picha ya barua ni hadithi. Pili, kuna haja gani ya kuanika mapenzi ya wazazi wako mtandaoni? Baba yako angekubali?

---

Mwana wa Majita

Picha mama amekataa. Kasema maneno chukueni, mwandiko wa mume wangu niachieni mwenyewe. Sitabishana naye kwa ajili yako mkuu, samahani.

La pili umeligusa mahali panapouma. Sijui angesema nini. Mzee alikuwa mtu wa maneno machache mno. Miaka yote ya utoto wetu nakumbuka sauti yake akisema vitu viwili: "Funga mlango" na "Nani kamaliza mafuta ya taa?" Ilikuwa miaka ile baada ya vita, Mwalimu katuambia tufunge mkanda miezi 18, na ile miezi 18 haikuisha. Sabuni foleni, sukari foleni, mafuta ya taa ndiyo usiseme. Nyumbani kwetu chemli ya chumbani kwa wazazi ilikuwa inawaka mpaka asubuhi, tukawa tunamlaumu mama kimoyomoyo kwamba ni mwoga wa giza anatumalizia mafuta, sisi tunasomea kibatari.

Sasa mtu wa namna hiyo nikamkuta kwenye karatasi anaandika "nuru ya macho yangu". Nilijisikia kama nimekutana na kaka yake ambaye hatujawahi kutambulishwa.

Niendelee. Barua ya Aprili 6. Hapa ndipo nusu ya mama inasikika vizuri zaidi. Kumbukeni mwishoni mwa Machi ndege ya Libya ilitumwa kuipiga Mwanza. Ikakosa mji, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, kwenye hifadhi, yakaua swala. Inaelekea mama alimwandikia habari hiyo kwa kirefu na kwa mbwembwe, maana mzee anajibu:

*"Nimesoma kurasa zako nne za ndege. Hao swala Mungu awarehemu. Lakini nimesikitika kusikia kwamba ulikimbilia ziwani kutazama badala ya kukimbia upande wa pili. Mimi ndiye niliyetumwa vitani, siyo wewe. Tafadhali tusibadilishane kazi."*

Mama alipopita nikamsomea kimyakimya, nikamwonyesha kwa kidole. Akasema, "Kila mtu alikimbilia ziwani. Mabomu tungeyaona wapi tena?"

---

Jirani wa Machakos

Salamu wadau kutoka upande wa pili wa mpaka. Huu uzi umenifikisha kwa babu yangu, alikuwa Keya, yaani askari wa KAR wa Mwingereza, akapelekwa Burma vita vya pili vya dunia. Yeye na nyanya walikuwa tayari wameoana, lakini miezi minne tu.

Nataka niongezee alilosema mwalimu mstaafu. Babu hakujua kuandika, nyanya hakujua kusoma. Kwa hivyo babu anamwambia karani wa jeshi kwa Kiswahili cha kambini, karani anaandika, afisa Mzungu anakagua, barua inavuka bahari, inafika kwa mwalimu wa dini kanisani, naye anamsomea nyanya kwa Kikamba mbele ya watu. Sasa hapo mtu atasema "nakupenda" aanzie wapi? Nyanya alikuwa akituambia barua zote za babu zilikuwa kuhusu mbuzi na kodi. Lakini mwishoni kila mara kulikuwa na sentensi, "Mwambie asiuze ile ngozi." Mwalimu wa dini akadhani ni ngozi ya biashara. Ilikuwa ngozi waliyolalia.

Februari 1944 walisafirishwa kutoka Mombasa kwenda Colombo, meli tano kwenye msafara mmoja. Tarehe 12 karibu na Maldives, nyambizi ya Wajapani ikaipiga ile iliyoitwa Khedive Ismail. Ilizama kwa dakika chache na watu 1,297 walikufa, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, na manesi pia. Babu alikuwa kwenye meli nyingine, akaona. Barua aliyotuma baada ya hapo ilisema: "Tumesafiri salama. Mbuzi mweupe yupo?"

---

Chumvi ya Uvinza

Wanaume hawa na mbuzi wao. Nimeshangaa kwamba nalia.

---

Mwenyeji wa Masaka

Naomba nafasi niseme, Kiswahili changu mnivumilie, nimekijifunzia kazini.

Mwanzisha uzi, baba yako huenda alipita mlangoni kwetu. Watu wa Masaka waliwakaribisha Watanzania kwa sababu Amin alitutesa, hilo ni kweli na wazee wetu wanawashukuru. Lakini mji wetu ulipigwa mizinga, na baada ya kutekwa majengo mengi yalilipuliwa kulipiza yale ya Kagera. Mama yangu alikuwa binti, alikuwa na mchumba wake pia. Yeye barua hakupata kwa sababu hapakuwa na posta wala nyumba ya kuletea. Sisemi kwa ubaya. Nauliza tu, kwenye barua zako 23, sisi tumo?

---

Mwana wa Majita

Ndugu yangu, swali lako lilinitoa usingizini. Nilirudi kwenye mkebe saa saba usiku na tochi ya simu.

Mmo. Barua ya 27 Februari, ile ya kwanza ya wino mwekundu. Mji ulitekwa tarehe 24, kwa hiyo ni kwenu. Anasema: *"Huku tulipo kuna mji mzuri una lami na miti ya maua ya zambarau. Nimeokota moja, linakauka, sidhani kama litafika."* Kwenye mkunjo wa karatasi kuna doa la rangi ya chai. Nadhani ndilo lile ua.

Barua inayofuata, wiki moja baadaye, mwishoni kabisa kuna mstari ambao mara ya kwanza niliuruka, nilidhani ni upuuzi: *"Ule mji niliokuambia una maua, usimwambie mtu kwamba nilikuambia."*

Hakuna zaidi ya hapo. Sina la kukupa zaidi ya hilo, na pole kwa mama.

---

Mwenyeji wa Masaka

Asante kwa kutafuta. Maua ya zambarau bado yapo, karibu na barabara ya hospitali. Nitamwambia.

---

Mkaguzi Mkuu

Nafuta niliyoyasema kuhusu picha. Endelea mkuu.

---

Fundi Saa

Bado swali la 20 Machi. Mimi naweka senti zangu: mama alimuuliza kama ameua mtu. Siku tisa baada ya Lukaya. "Hapana, na wala sijawahi."

---

Bibi Kalamu

Msichana wa miaka ishirini haulizi hivyo. Anauliza, "Umenisahau?" Mimi niliandika swali hilo mara nyingi, nalijua.

---

Askari wa Zamu

Muulizeni mwenyewe, si yupo hai? Mnabashiri kama mganga wakati mgonjwa amekaa sebuleni.

---

Mwana wa Majita

Wakuu, samahani kwa kuadimika. Niliogopa kumuuliza, nikawa nazunguka. Barua zilizobaki nizipitie haraka: baada ya Kampala kuanguka anauliza saizi ya mguu wa mama, barua tatu mfululizo, na inaonekana mama alikataa kutaja. Viatu vilikuja hata hivyo, vidogo, akavaa dada yake. Juni 3 jeshi lilifika mpaka wa Sudan, vita vikaisha, lakini mzee aliachwa kule Arua mpaka mwaka uliofuata. Barua za Arua ni za mahari tupu, ng'ombe wangapi, nani mshenga, na anko mmoja ambaye hafai kutajwa. Ya mwisho ni ya Februari 1980 na haina salamu. *"Naja Alhamisi kwa basi. Usije stendi, kuna vumbi."* Alikwenda stendi.

Jana jioni nikampelekea chai, nikaweka ile ya tarehe 20 Machi mezani bila kusema neno. Akavaa miwani. Akaisoma, muda mrefu kuliko mistari sita inavyohitaji.

Nikamwambia, mama, watu wanabishana. Wapo wanaosema ulimuuliza kuhusu wanawake, mwingine anasema ulimuuliza kama ameua, mwingine kama amekusahau.

Akasema, "Wanawake! Baba yako?" Akacheka mpaka akakohoa.

Halafu akasema, "Nilimuuliza kama anaogopa."

Nikanyamaza. Akakunja karatasi kwa mikunjo ile ile ya zamani, akairudisha kwenye rundo, akanyoosha mkono nimpe kamba ya kiatu.

"Kanijibu hivyo unavyoona. Na ninyi miaka yote mnanung'unika mafuta ya taa, mkadhani ile chemli ilikuwa yangu."